Kibodi ya Mkono Mmoja

Mwanangu wa kiume aliingia amelikumbatia boksi kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa watu. Aliliweka juu ya meza ya kulia chakula, mbele ya dada yake, kisha akarudi nyuma akasimama kando ya jokofu. Hakuketi. Siku zile alikuwa haketi nyumbani kwetu mpaka aambiwe.

"Fungua, dada."

"Umeleta nini tena?"

"Fungua tu."

Dada yake alisema "tena" kwa sababu vitu vilikuwa vimejaa. Lilikuja birika la umeme linalojizima lenyewe. Kikaja kiti cha kuzunguka. Ukaja mto wa shingo, na shingo ya binti yangu haikuwa na shida yoyote. Kilichoumia ni mkono wa kushoto. Ulikuwa umelala mapajani, umevaa gamba la plastiki alilopewa hospitalini, vidole vitatu vikichungulia nje vimevimba na kung'aa. Vilikuwa havikunjiki. Vikigusa kitu chochote kigumu, maumivu yanampanda hadi kwenye kiwiko.

Ni huyu mdogo wake aliyeufunga mlango wa gari. Halikuwa jambo la siri kwetu. Asubuhi ile alikuja kunichukua kwenda kwenye ibada, baada ya mimi kumbembeleza wiki nzima. Dada yake alikuwa ananisaidia kupanda kiti cha nyuma kwa sababu ya magoti yangu, ameshika ukingo wa mlango. Yeye alikuwa na simu sikioni anagombana na mteja, akausukuma mlango kwa nyonga bila kutazama. Sauti niliyoisikia nisingependa kuieleza.

Gerejini kwake wanamwita Breki, maana kazi yake ni breki za magari, na sisi nyumbani tukalizoea jina hilo. Tangu siku ile dada yake aliacha kumtania kwalo.

Boksi lilimshinda binti yangu kufungua kwa mkono mmoja. Breki akaruka, akabandua gundi, akatoa kilichomo. Ilikuwa kibodi. Nyeusi, nzito, ndefu kama ubao wa kukatia nyama buchani. Akabonyeza mahali, taa zikawaka chini ya kila herufi, nyekundu, kijani, zambarau, meza yetu ikawa ukumbi wa harusi.

"Haina waya," alisema. "Inaungana na kompyuta, na tableti, na simu, vyote pamoja. Huna haja ya kushika kimoja kimoja. Dukani hakuna iliyo juu ya hii."

Uso wa binti yangu ulilegea kidogo. Niliona. Mimi husema machache lakini macho yangu hayalali.

Yeye anakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Watu wanadhani ni kazi ya kukaa tu na kusema karibu. Kompyuta ina orodha ya miadi. Tableti ina picha za meno na maelezo ya kila mgonjwa, lazima aandike pale kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari. Simu ya kliniki nayo hainyamazi, huyu anaahirisha, yule anauliza kama aje na njaa au ameshiba. Zamani alikuwa anavichezea vyote kama mpishi mwenye masufuria matatu. Sasa akishika simu kwa mkono wa kulia, hana mkono wa kuandikia.

Daktari mwenye kliniki ni mwanamke wa haki, lakini hana maneno ya kupamba. Alimwambia: "Njoo Jumatatu tujaribu. Ukiweza kwenda na kasi ya wagonjwa, kiti ni chako. Ukishindwa, yule binti anayekushikia nafasi atabaki." Basi. Nyumba yetu inakula kwa kiti hicho.

"Tujaribu," alisema binti yangu. Akavipanga vifaa vyake vya nyumbani juu ya meza, kompyuta, tableti na simu, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. "Mama, wewe ni mgonjwa. Jino la nyuma linakuuma."

"Jino la nyuma walishaling'oa."

"Basi la mbele, mama, jamani! Umwa chochote."

Nikaumwa jino la mbele. Akaandika kwenye kompyuta kwa mkono mmoja. Alikwenda, lakini polepole, maana ile kibodi ilikuwa pana, mkono unasafiri kutoka mwisho huu hadi mwisho ule kama mtu anayefagia ukumbi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alipomaliza akasema, "Sasa nahamia kwenye simu, nimjibu mgonjwa. Nabonyeza wapi?"

Breki akafungua karatasi ya maelezo, akaisoma huku anatembeza kidole. "Unashikilia hiki cha kona ya chini, kushoto. Usikiachie. Halafu, ukiwa bado umekishikilia, unabonyeza hiki cha juu kabisa, kulia."

Tukatazama kona ile, tukatazama na hii.

Mkono mmoja haufiki. Hata mkono wangu mimi, niliyefua na kukamua maisha yangu yote, usingefika. Binti yangu alitanua vidole mpaka mshipa ukamtoka kwenye kifundo, haukufika. Akajaribu kwa kidevu. Akajaribu kwa kiwiko cha kushoto, na kiwiko kikabonyeza kila kitu, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Nikavaa miwani.

"Daktari ananiandikia nini hapa? Mbona kama ananitukana?"

Ulikuwa mstari mzima wa herufi zisizo na maana. Binti yangu akacheka, nikacheka, na Breki naye akaanza kucheka kisha akakata katikati. Akaja haraka akaweka kidole chake kwenye ile kona ya chini.

"Nitakushikia mimi."

"Wewe utakuja kukaa kliniki unishikie kitufe?"

"Nitakuja."

"Breki, acha utani."

"Sitanii, dada. Tajiri wangu wa gereji nitaongea naye. Asubuhi nakuwa na wewe, jioni naenda kwenye magari. Nitakaa pale chini, wagonjwa hawataniona."

Alisema hivyo macho yamemwiva. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu ulifurahi. Nikasema, "Si wazo baya. Kwa siku za mwanzo."

Binti yangu aligeuka akanitazama. Kisha akazima zile taa.

*

Breki alipoondoka nilikwenda jikoni kuosha vikombe. Binti yangu akanifuata, akasimama mlangoni ameuegemeza mkono wake kifuani kama kawaida yake siku hizo.

"Mama, juzi ni wewe uliyemwambia nimeshindwa kufunga vifungo vya blauzi?"

"Aliuliza hali yako."

"Hakuuliza. Nilikusikia ukimpigia. 'Dada yako leo kashindwa hata vifungo, baba, kashindwa hata vifungo.'" Aliniigiza sauti vizuri mpaka nikaona aibu. "Kila nikikunja uso gari liko mlangoni. Jana nimekunja uso kwa sababu nilikuwa nakula ndimu."

Nikaendelea kuosha kikombe ambacho kilishatakata.

"Mimi sikatai aje," alisema. "Ila anakuja kama mtuhumiwa anayeripoti. Akiwa hapa siwezi hata kusema 'aa' mkono ukinigonga, maana naona anavyopauka. Nauguza mkono, namuuguza na yeye. Nimechoka, mama."

"Ni mdogo wako."

"Najua ni nani. Kesho tunarudisha lile dubwana dukani, nachagua mwenyewe. Na wewe unakuja. Usimpigie kumwambia nimelia. Sijalia."

Usiku nilipiga magoti kama kawaida yangu lakini maneno hayakutoka. Tangu tulipomzika baba yao, Breki aliacha ibada. Alisema akiingia mle anaona jeneza tu. Miaka yote ile niliomba arudi, niliomba mpaka magoti haya yakaharibika. Sasa alikuwa amerudi. Kila siku ya ibada yuko mlangoni mapema, shati limepigwa pasi, anakaa ubavuni kwangu, anaimba. Wenzangu wananibana mkono na kuniambia sala zangu zimejibiwa, na mimi naitikia. Nilijua kinachomleta ni woga, nami nilikuwa naupalilia. Kila ulipoelekea kupoa, nilikuwa na simu yangu na vifungo vya blauzi.

*

Mwenye duka tunamwita Fundi Waya. Alianza na redio na pasi mbovu, na jina limembaki ingawa sasa nusu ya duka lake ni vitu visivyo na waya. Ni mtu mzima, miwani ameipandisha kwenye paji la uso na huwa anaitafuta kwenye meza.

"Karibuni! Mama, shikamoo. Ah, huyu kijana namjua, juzi tu nimemuuzia."

"Marahaba. Tumeirudisha," nilisema.

Breki alikuwa nyuma yetu na boksi, amelikumbatia vilevile. "Haikumfaa," alisema kwa sauti ndogo.

"Nilikuuliza ni ya nani, anafanya kazi gani. Ukanijibu vipi?"

"Nilisema nipe iliyo bora."

"Ulisema, 'Fundi, usinipe ya bei ndogo, nitajisikia vibaya.' Nikakupa ya kukufanya ujisikie vizuri." Akacheka, lakini alipoona mkono wa binti yangu akakiziba kicheko. "Pole, mwanangu. Kaa hapa. Umekuja na vifaa vyenyewe?"

Binti yangu alikuwa navyo kwenye mkoba, vyote, ukiacha ile kompyuta ya nyumbani, na Fundi akampa ya dukani afanyie majaribio. Basi akaanza kuchagua. Nami nilikaa kwenye stuli nikatazama.

Ya kwanza ilikunjwa kama kitabu, inaingia mfukoni. Nzuri ya macho. Lakini alipoandika kwa nguvu ya mkono mmoja ilijikunja yenyewe katikati, kama inakataa kusema.

Ya pili haikuwa na kelele, vitufe laini kama sabuni iliyolowa. Aliipenda. Akauliza kuhamia kwenye simu inakuwaje. Fundi akaonyesha: shikilia hiki, bonyeza kile. "Iondoe," alisema binti yangu, hata hakuinua macho.

Ya tatu ilikuwa nyepesi mno. Kila akiandika inateleza, inakimbia kuelekea upande wa kulia, naye anaivuta, inakimbia tena. Mtu mwenye mikono miwili huizuia kwa mkono wa pili bila kujua kwamba anaizuia. Hata mimi nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo.

Kila moja iliyokataliwa, Breki alitokea na nyingine kutoka rafu za juu, zile za ndani ya vioo. "Hii je, dada? Hii ina kila kitu. Tazama ina gurudumu la sauti."

"Sauti ya nini, nampigia muziki mgonjwa?"

"Basi hii. Hii ni ya chuma."

"Nipigane na nani?"

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri chaja akaguna kwa kicheko. Breki akairudisha rafuni, masikio yamemwiva.

Fundi Waya alikuwa ameinama chini ya kaunta. Aliibuka na kitu kidogo cha kijivu, akakipuliza vumbi, akakifuta kwa kiganja. Hakikuwa na boksi. Kilikuwa cha maonyesho, kimekaa kwenye kioo cha mbele mpaka jua limekipausha upande mmoja.

"Huyu ni mzee kidogo," alisema. "Lakini weka mkono."

Binti yangu aliweka mkono wa kulia katikati. Kidole gumba na kidole cha mwisho vilikaribia kugusa kingo zote mbili. Juu, peke yake, mbali na herufi, palikuwa na vitufe vitatu vya mviringo. Akabonyeza cha kwanza, akaandika, maneno yakatokea kwenye kompyuta. Akabonyeza cha pili, mara moja tu, bila kushikilia kitu. Maneno yakatokea kwenye tableti. Cha tatu, kwenye simu. Nyuma yake palikuwa na mfereji mrefu, akasimamisha humo simu na tableti zikatulia wima zikimtazama. Chini ilikuwa na mpira. Haikuteleza.

Alirudia. Kompyuta, simu, tableti, simu. Nilimwona anasahau kwamba tupo. Midomo ilikuwa inasema maneno ya kazini kimyakimya, karibu, subiri kidogo, daktari anakuita.

"Betri?" aliuliza.

"Ya kuchaji. Unachomeka waya hapa pembeni. Ni pagumu kidogo, pa kushika huku na kusukuma kule."

Akageuka kwangu. "Hilo utanichomekea wewe, mama. Jioni, nyumbani."

"Nitachomeka."

"Basi ni hii," alimwambia Fundi.

"Hii?" Breki alisogea akaishika, akaigeuza, akaigusa pale ilipopauka. "Dada, hii imechakaa. Hata boksi haina. Watu watakuonaje pale mapokezi?"

"Watakuwa wanaumwa meno, Breki."

"Fundi, huna kama hii iliyo mpya? Iliyo nzuri? Agiza, nitangoja."

"Hawatengenezi tena yenye vitufe vya peke yake. Siku hizi ni za kushikilia."

"Dada, nakuomba. Usichukue hii."

"Kwa nini?"

Breki akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto kabisa, "Ukichukua hii, mimi nitakuwa nimefanya nini?"

Yule wa chaja alijifanya anasoma maandishi kwenye pakiti.

"Hutakuwa umefanya kitu," alisema dada yake. "Utakuwa umenisindikiza dukani. Sikiliza, mdogo wangu. Mimi natafuta kazi yangu. Wewe unatafuta usingizi. Ni vitu viwili, na Fundi hapa hauzi hicho cha pili. Kama angeuza ningekununulia mwenyewe."

Breki akanigeukia mimi. "Mama, mwambie."

Hapo ndipo niliposhikwa. Nilijua neno gani lingemfanya abaki vile alivyo. Ningesema, "Mwache dada yako akuvumilie, unajitahidi, mwanangu," na angeendelea kubeba maboksi na kuja kwenye ibada mpaka nife. Fundi Waya akaitafuta miwani yake mezani, nami nikamwonyesha kichwa chake, nipate nafasi ya kuchagua maneno.

"Hiyo ndogo ndiyo inayomfaa," nilisema. "Na wewe kesho usije kunichukua."

"Kesho ni siku ya ibada."

"Ndiyo. Nitakwenda kwa miguu. Ukitaka kuja siku nyingine, njoo kwa sababu zako. Mimi nimekuwa nakupigia simu hovyo, baba. Nakuambia mambo ya dada yako ili uje. Haikuwa sawa."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa gari alilotengeneza siku nzima lilikuwa zima. Kisha akamtazama dada yake, akautazama ule mkono, moja kwa moja. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuutazama. Siku zote alikuwa anautazama kwa pembeni.

"Nisamehe, dada," alisema.

Ndipo nikagundua kwamba hajawahi kulisema. Alisema pole mpaka ikachuja. Alileta birika, kiti, mto. Lakini hilo neno lilikuwa halijatoka.

Binti yangu alikuwa bado ameweka mkono juu ya kibodi ya kijivu.

"Nimesikia," alisema. "Bado nina hasira. Mkono ukiniamsha nakukasirikia wewe, siukasirikii mlango. Lakini nimesikia, Breki."

Tangu ajali jina hilo lilikuwa halina utani kinywani mwake, na hata pale hakuwa anamtania. Alimwita tu, kama mtu anavyomwita mdogo wake.

Habari ya kubadilishana na Fundi waliimaliza wenyewe. Pesa iliyorudi, binti yangu aliisukumiza kwenye mfuko wa shati la mdogo wake, na Breki alipojaribu kuitoa dada akampiga kofi mkononi. Kofi la kweli, lililia.

*

Siku ya ibada nilikuwa tayari mapema, na ingawa mimi ndiye niliyemkataza, masikio yangu yalikuwa barabarani. Gari halikuja. Nikachukua fimbo yangu nikaenda taratibu, napumzika penye ukuta, natembea tena. Nafasi ya ubavuni kwangu ilikaa wazi. Jirani yangu wa benchi akainama, "Kijana wetu yuko wapi leo?"

"Yupo."

"Anaumwa?"

"Mzima kabisa."

Akanitazama kwa huruma nikatazama mbele. Tulipofika kwenye kusali, sikumwomba Mungu amrudishe. Niliona haya kuomba kitu ambacho nilikuwa nimekwisha kukiiba. Nilimwambia tu kwamba mtoto wangu mmoja aliumia na mimi nikalifurahia jeraha lake kwa sababu liliniletea mwingine. Hilo ndilo nililokuwa nalo. Kisha nikakaa kimya mpaka watu wakasimama, nami nikasimama nao.

*

Jumatatu binti yangu alinikataza kumsindikiza, nikamsindikiza. Nilikaa kwenye viti vya wagonjwa, pembeni, na mkoba wangu magotini. Yule msichana wa muda alikuwepo pia, amesimama ukutani, hajui aweke mikono wapi. Namwonea huruma mpaka leo.

Wagonjwa waliingia kwa mkumbo. Mwanzo ulikuwa mbaya. Simu iliita wakati anaandika kwenye tableti, akashtuka, akabonyeza kitufe kisicho chake, maelezo ya mzee mmoja yakaanza kuandikwa kwenye orodha ya miadi. Daktari alikuwa mlangoni anatazama. Nilishika mkoba kwa nguvu. Binti yangu akafuta, akamwambia yule mzee, "Samahani baba, tuanze tena. Ni jino la juu au la chini?"

"La chini. Na usiniulize mara ya tatu, linasikia."

Akacheka naye, akabonyeza cha pili, akaandika. Akabonyeza cha tatu, akamjibu mtu kwenye simu. Cha kwanza, akaweka miadi. Mzee akaingia. Akaja mama mwenye mtoto anayelia. Akaja mtu aliyekosea siku. Foleni ilirefuka, ikafupika, ikarefuka. Mkono wa kulia ulikuwa unafanya kazi ya miwili na bega lilikuwa limepanda juu kwa uchovu. Mara moja nilimwona anaushusha ule wa kushoto chini ya meza, amefumba macho, anapumua. Kisha akafumbua macho: "Anayefuata, karibu."

Daktari alitoka tena amevaa glavu, akaangalia foleni, akaangalia saa ya ukutani. Akamwambia yule msichana wa muda, "Njoo huku ndani unishikie taa. Pale pana mtu." Akarudi ndani. Hakusema lingine, na binti yangu hakugeuka, lakini shingo yake niliiona inatulia.

Baadaye kidogo akaniona bado nipo.

"Mama, nenda nyumbani. Umekalia kiti cha mgonjwa."

Nikatoka. Nje palikuwa na jua kali, nikasimama chini ya kibao cha kliniki, nikatoa simu. Sikutaka kumpigia Breki. Nilikuwa bado naitazama ilipoita yenyewe. Alikuwa yeye, na nyuma yake nilisikia vyuma vya gereji vinagongwa.

"Mama. Amepata?"

"Amepata. Yuko kwenye kiti chake."

Akashusha pumzi ndefu. Kisha akauliza, "Na mkono? Umemuuma?"

Niliona tena yale macho yaliyofumbwa chini ya taa ya mapokezi. Neno moja tu lilitosha. Angeacha nati chini, angekuwa hapa sasa hivi na mafuta mikononi, na siku ya ibada shati lingepigwa pasi.

"Muulize mwenyewe," nilisema.

"Mimi?"

"Wewe. Mkono ni wake, mimi siusemei tena."

Mtu akamwita huko gerejini, hakuitika.

"Nikimpigia sasa hivi atapokea?"

Niligeuka nikachungulia kwenye kioo. Binti yangu alikuwa ameinama mbele, anamsikiliza mwanamke aliyeshika shavu, mkono wa kulia ukiwa tayari juu ya ile kibodi.

"Sasa hivi ana mgonjwa," nilimwambia. "Subiri amalize."